Kigoda cha Mchezaji wa Kati

Mchezaji yule alitolewa tena. Robo ya tatu ilikuwa haijafika katikati, na tayari mstari mwekundu ulikuwa umetokea kwenye kioo cha kompyuta: madhambi ya tano, mchezaji wa kati wa Sepuka Alizeti anaondoka uwanjani. Loyce aliinuka kitini, akaketi, kisha akainuka tena. Watu waliokuwa wakisoma barua pepe zao wakamgeukia.

"Shemeji, kiti hicho hakina msumari," alisema Gasto kutoka mezani kwake. "Keti, utanifukuzia wateja."

"Ametolewa."

"Nani?"

"Unamjua."

"Simjui. Nitajie jina lake nimjue."

Loyce alimtazama kwa lile jicho ambalo wanafunzi wake wa hisabati walilifahamu vema. Gasto akacheka mpaka akaishika meza.

Gasto alikuwa mdogo wa Elisha, mume wa Loyce, ambaye wakati huo alikuwa safarini na lori la vitunguu. Duka la intaneti la Gasto lilikuwa Ipembe, mjini Singida, katika chumba kilichokuwa zamani duka la ushirika. Rafu za saruji zilizobeba sabuni za mgao, miaka ile watu walipopanga foleni tangu alfajiri, sasa zilibeba kompyuta. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mwenye ubavu, na Gasto alijihesabu miongoni mwa wenye ubavu, ingawa mwaka ule wa 2006 umeme ndio uliokuwa wa mgao.

Mchezo uliomkosesha Loyce utulivu hauchezwi kwa mikono wala kwa miguu. Anayeucheza ni meneja. Yeye huchagua watano wa kuanza, huwapangia wa akiba, huamua aina ya ulinzi na mazoezi ya wiki, kisha hukaa kando. Siku ya mechi, kompyuta iliyoko nchi ya mbali huwachezesha mpira wa kikapu wachezaji ambao hawapo duniani, naye meneja husoma maandishi yakishuka mstari kwa mstari, kama mtu apokeaye simu ya maandishi asiyojua kama ni ya arusi au ya msiba.

Mtu mzima mwenye akili timamu angeweza kuuliza: je, mwalimu wa sekondari anatafuta nini huko? Alikuwa akimtafuta mdogo wake.

Noel, mtoto wa kiume pekee wa Mzee Ezekieli wa Sepuka, alikwenda Norwei kusoma. Jioni moja kabla ya kuondoka alimketisha dada yake katika duka hilihili, akafungua timu mbili katika ligi moja: Sepuka Alizeti ya dada, na Heroe wa Kindai, ndege wa ziwa la pale mjini, ya kwake. Yalikuwa mambo ya kuchekesha tu. Kisha, masika yaliyofuata, mama yao akafariki. Karatasi za Noel za ukaazi zilikuwa bado mikononi mwa wakubwa wa huko, angetoka, asingeruhusiwa kuingia tena. Hakuja.

Mzee Ezekieli alisimama kaburini mpaka watu wote wakatawanyika. Ndipo akasema, "Asiyemzika mama yake hana baba." Akamwapisha Loyce juu ya udongo mbichi: hatamwandikia Noel barua, hatampigia simu, wala jina lake halitatajwa nyumbani. Loyce akaapa. Hakuwa mtu wa kuchezea kiapo, na hakukichezea.

Lakini mechi si barua, wala si simu. Ligi ile ilikuwa na ukumbi wake wa maandishi, ambamo mameneja wa ligi hiyo peke yao huruhusiwa kuingia, wakaandika mawili matatu baada ya mechi. Noel aliandika humo utani. "Dada, walinzi wako wanatawanyika kama kuku wa stendi." Au: "Leo theluji imefika magotini, lakini Heroe wameshinda." Loyce alisoma tu, hakuandika hata neno moja. Kwa njia hiyo alijua kwamba mdogo wake yu hai, kwamba alipata mafua, kwamba amehama chumba. Jibu lake lilikuwa timu yake kuwapo wiki hadi wiki.

Sasa timu hiyo ilikuwa ya pili kutoka mwisho, ikibakiwa na mechi moja. Ikishinda Jumamosi, inabaki. Ikishindwa, inashuka daraja, na mlango wa ule ukumbi unafungwa.

Nayo ilikuwa ikishindwa kwa sababu moja. Mchezaji wake wa kati, mrefu, hodari, mdakaji wa kila mpira unaorudi kutoka kwenye ubao, alikuwa akifanya madhambi mfululizo na kutolewa kila mechi ilipoanza kunoga.

Loyce aliyachunguza madhambi yale kama mtu anayetafuta panya ghalani, akihamisha gunia moja baada ya jingine. Kwanza aliwashuku waamuzi. Kweli, palikuwa na mwamuzi mkali na mwamuzi mpole, lakini mchezaji yule alitolewa na wote wawili. Akabadilisha ulinzi: badala ya kila mtu kumkaba mtu wake, akaamuru walinde eneo. Madhambi ya walinzi wa pembeni yakapungua, ya yule wa kati yakabaki palepale. Akamwekea mrefu mwenzake wa kumsaidia chini ya kikapu, asikabiliane peke yake na majitu ya wapinzani. Hapo akapata nafuu kidogo, wiki moja, kisha hali ikarudi. Akafikiria tabia, kwa kuwa katika mchezo ule wapo wachezaji wenye hasira za kuzaliwa nazo.

"Huyo hana hasira," alisema Gasto, Alhamisi ile alipomkuta ameshika tama mbele ya kompyuta. "Ukoo wetu hatuna hasira."

"Ukoo wenu mna domo."

"Haya, mama hesabu. Umepata nini?"

"Nimepata kwamba madhambi yana wazazi wengi," alisema Loyce. "Ulinzi ni mzazi. Mwamuzi ni mzazi. Mpinzani mwenye nguvu kukuzidi ni mzazi. Lakini huyu wa kwetu ana mzazi mwingine ambaye simwoni, na Jumamosi ni keshokutwa."

"Hebu nionyeshe ukurasa wake."

Loyce akakunja mikono.

"Ukurasa wa mchezaji, shemeji. Bonyeza jina lake, utafunguka."

"Siwezi kulibonyeza."

"Panya wa kompyuta ameharibika?"

"Gasto, usijifanye hujui ulichokifanya!"

Alijua. Misimu miwili nyuma, timu ya vijana ya Sepuka Alizeti ilipompandisha mchezaji yule, mchezo uliuliza jina lake. Loyce alikuwa ametoka mara moja kwenda sokoni. Gasto, akiwa na lile domo la ukoo lililohamia vidoleni, aliandika: Alute. Lilikuwa jina la baba yake mwenyewe, Mzee Alute, baba mkwe wa Loyce, aliyekuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Alitaka kuona shemeji yake atamwamuruje mkwe. Mchezo ule haukuruhusu jina kubadilishwa, na mkaza mwana aliyelelewa vema halitamki jina la baba mkwe, hata akiwa kaburini.

Loyce alimwita "yule Mkubwa". Hakumfokea hata moyoni. Wachezaji wengine wote aliwapangia zamu za kupumzika, lakini kwa yule Mkubwa aliweka alama palipoandikwa "asitolewe", maana haikumjia akilini kwamba mkaza mwana anaweza kumwinua mkwe wake na kumwambia nenda kakae kule. Wala ukurasa wake hakuwahi kuufungua. Kufungua ukurasa wa mtu na kusoma uzito wake, umri wake na afya yake, lilikuwa jambo ambalo halikutofautiana sana na kuingia chumbani mwake bila kubisha.

"Misimu miwili hujaufungua?" Gasto aliuliza. Sasa hakuwa akicheka.

"Ufungue wewe. Ni baba yako."

Akamwachia kiti, naye akageuza uso kuelekea dirishani, ambako mwanamke mmoja alikuwa akipanga madumu ya mafuta ya alizeti kando ya barabara. Akasikia kibonyezo kikilia. 

"Vipi?"

"Amechoka," alisema Gasto taratibu. "Pana kipimo cha uchovu hapa. Kimejaa. Chote ni chekundu. Shemeji, huyu mtu hajapumzika tangu apandishwe."

Loyce alifumba macho. Hesabu yote ikajipanga yenyewe. Mlinzi aliyechoka huchelewa kufika. Miguu ikichelewa, mkono hutangulia. Na mkono uliotangulia miguu ndio madhambi. Waamuzi walikuwa wameona sawasawa. Aliyekuwa haoni ni yeye, kwa sababu ya adabu.

"Basi ni rahisi," alisema Gasto. "Muweke benchi."

"Muweke wewe."

Gasto akapeleka mkono kwenye kibonyezo. Ukasimama hapo. Akajikuna shingo.

"Mbona humweki?"

"Subiri kwanza."

"Si baba yako? Mwinue."

"Shemeji, unajua mzee yule nilivyomwogopa?" Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Nimpeleke benchi mbele ya wateja?"

"Ulipoliandika jina lake hukuogopa."

"Wakati ule alikuwa kijana wa miaka kumi na minane!"

Loyce aliondoka bila kuaga. Alitembea mpaka ukingo wa Ziwa Singidani, akarudi bila kuona kitu njiani. Ijumaa alifundisha vipindi vyake akasahihisha jibu sahihi kuwa kosa, mpaka binti mmoja alipomwuliza kwa heshima kama mwalimu anaumwa.

Usiku ule usingizi ulimpaa, na katika kugeukageuka akamkumbuka Mzee Alute alipokuwa hai, akichonga mizinga ya nyuki uani. Alikuwa mtu asiyejua kuacha kazi. Jua la saa sita lilimpiga kichwani, jasho likamwingia machoni, shoka likaanza kupotoka, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Loyce, mkaza mwana mgeni wa siku zile, hakuthubutu hata kumtazama. Alichokifanya ni hiki: alichukua kigoda, akakiweka kivulini penye ukuta wa nyumba, akaweka na kibuyu cha togwa kando yake, akaenda zake jikoni. Hakusema neno. Alipochungulia baadaye, mzee alikuwa ameketi, kibuyu mkononi, kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyebuni kupumzika.

Jumamosi jioni Loyce aliingia dukani haraka, kanga ikimteleza begani.

"Gasto, msaidizi wa kocha kazi yake nini katika mchezo huu?"

"Shikamoo nawe," alisema Gasto. "Msaidizi? Yule huamua nani aingie na nani atoke, ukimwachia. Wewe wa kwako hujamwachia."

"Kwa hiyo nikiondoa ile alama ya asitolewe, nikamweka kijana wa akiba nyuma yake, sijamtoa mimi."

"Hujamtoa."

"Atakaa mwenyewe wakati wake ukifika."

Gasto alimtazama, akakumbuka baba yake alivyowekewa uani. "Kigoda kivulini," akasema.

"Ndiyo. Sogea."

Alikuwa ameondoa alama, amempanga kijana wa akiba, na amebakiza kubonyeza "hifadhi", umeme ulipokatika. Kompyuta zote zikafa kwa pamoja, na wateja wakaguna kwa sauti moja kama waumini.

"Gasto! Jenereta!"

"Naenda!"

"Mechi inaanza saa moja!"

"Shemeji, jenereta haliendeshwi kwa kelele!"

Nyuma ya duka Gasto alivuta kamba, jenereta likakohoa likanyamaza. Akavuta tena. Loyce alisimama mlangoni, mara anamtazama Gasto, mara saa. Jenereta liliponguruma, alikimbilia kiti. Kompyuta ikawaka kwa uvivu, mtandao ukazungukazunguka, ukurasa ukafunguka nusu. Akapanga upya, akabonyeza, akangoja. Yamehifadhiwa. Dakika chache baadaye mchezo ukaanza.

Hapo ndipo Mzee Ezekieli alipotokea mlangoni, kofia mkononi, vumbi la maganda ya alizeti mabegani. Alikuwa ameleta mbegu mashineni kukamua, na nyumbani kwa Loyce jirani alimwambia kwamba binti yake hupatikana "kwenye mitambo ya shemeji yake".

"Shikamoo, baba," alisema Loyce akipiga goti kidogo, moyo ukimwenda mbio kwa sababu mbili.

"Marahaba."

"Shikamoo, mzee," alisema Gasto. "Karibu kigoda."

"Marahaba. Sikai. Gari la Sepuka linaondoka sasa hivi." Mzee alikuwa mtu wa kusimama. Watoto wake walimjua hivyo tangu utotoni, na tangu yale mazishi alizidi: alikula akiwa amesimama, alipokea wageni akiwa amesimama. "Hicho unachokikodolea macho ni nini?"

"Ni mpira wa kikapu, baba."

"Mpira uko wapi?"

"Ni maandishi."

Mzee alisogea. Alisoma darasa la nne la mkoloni, na alisoma kila neno mpaka mwisho wake. Maandishi yalikuwa yakishuka. Robo ya kwanza, yule Mkubwa amefanya madhambi mara moja. Robo ya pili inaanza. Kisha: msaidizi wa kocha anampumzisha mchezaji wa kati.

"Amekaa!" Loyce alipiga makofi.

"Nani amekaa?"

"Huyu hapa, baba. Siwezi kumtaja."

Mzee akainama, akasoma jina. Nyusi zikapanda. "Alute? Alute niliyepatana naye mahari yako?"

"Ni huyu bwana, alifanya utani," alisema Loyce akimwonyesha Gasto, ambaye ghafla alipata kazi ya kufuta meza.

"Alute nimjuaye mimi hakukaa kwa amri ya mtu," alisema mzee.

"Hakuamriwa, baba. Aliwekewa kigoda tu."

Mzee alitazama mlangoni, lakini hakuondoka. Robo ya tatu yule Mkubwa alirudi uwanjani akiwa na pumzi mpya. Alidaka, alizuia, na mikono yake ikakaa mahali pake. Robo ya nne akapata madhambi ya pili na ya tatu, na ya nne muda mfupi baadaye. Loyce alikuwa amesimama, ameketi, amesimama. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Sepuka Alizeti ikiongoza kwa pointi moja, mpinzani mkubwa kuliko wote aliingia chini ya kikapu, na aliyekuwa mbele yake ni yule Mkubwa mwenye madhambi manne.

Mtandao ukaganda.

"Usiguse!" alipiga kelele Gasto. "Usiguse kitu!"

Hakuna aliyegusa. Duka zima lilikuwa limesimama nyuma yao. Kisha mstari mmoja ukashuka: anafika kwa wakati, anazuia, hakuna madhambi. Na chini yake: mchezo umekwisha, sabini na moja kwa sabini.

Loyce aliufunika uso kwa kanga. Walipomaliza kupigana viganja, yeye na Gasto, alifungua ukumbi wa ligi kwa mazoea, akasahau ni nani aliyesimama nyuma yake. Maneno yalikuwa yamekwisha fika.

"Dada, leo mkwe ameketi! Nimesimama peke yangu chumbani nikashangilia. Na yule mzee wetu, je, bado amesimama?"

Mzee Ezekieli alisoma, midomo ikicheza. Alisoma mara ya pili.

"Nani huyu anayeniuliza?"

"Siwezi kumtaja," alisema Loyce.

"Mkwe wako tena?"

"Hapana, baba. Huyu ulinikataza wewe."

Jenereta lilinguruma nyuma ya ukuta. Gasto aliacha kufuta meza.

"Nilikuapisha," alisema mzee.

"Sijamwandikia. Sijampigia. Angalia ukumbi wote, hakuna neno langu. Nimecheza tu, ili mlango usifungwe."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Nje, honi ya gari la Sepuka ililia. Mzee alivaa kofia, akaivua. Alitazama mlango, akatazama kioo, akaizungusha kofia mikononi kana kwamba anatafuta mbele yake.

"Gasto."

"Naam, mzee."

"Wewe uliapa?"

"Mimi? Hapana, mzee. Mimi sijaapa kitu."

"Basi keti hapo uandike."

Gasto aliketi upesi kwenye kiti cha Loyce, vidole tayari. "Niseme nini, mzee?"

Mzee alisogelea kioo, akayasoma tena maneno yale. Honi ikalia mara ya pili, kwa hasira.

"Mwulize kama anakula," alisema hatimaye. "Usiongeze neno."

Gasto aliandika, hakuongeza neno, akabonyeza. Maneno yakapanda, yakatulia chini ya yale ya Noel.

"Jibu huchukua muda gani?"

"Hutegemea, mzee. Pengine dakika moja. Pengine kesho. Na petroli ya jenereta yenyewe…"

"Sikukuuliza petroli."

Mzee alikuwa bado amesimama, akiegemea meza kwa uchovu wa safari ya mchana kutwa. Loyce hakumwambia keti. Alichukua kigoda kutoka pembeni, akakiweka mbele ya kompyuta, mahali ambapo mwanga wa kioo hauumizi macho. Akamimina maji kwenye kikombe, akakiweka kando yake. Kisha akatoka nje kumwambia dereva wa gari la Sepuka asimngojee.

Hakugeuka. Alipofika barabarani alisikia, nyuma yake, kigoda kikikwaruza sakafu.